Mgongo ni Mali ya Mkulima

 

Leo sitazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Nitazungumza juu ya chombo kimoja cha kilimo ambacho kila mkulima anacho. Chombo hiki hakiuzwi dukani. Kikivunjika, hakuna fundi wa kukichomelea. Kikiharibika, jembe linabaki limeegemezwa ukutani na magugu yanaota. Chombo hicho ni mgongo wako.

Mimi ni bwana shamba. Umri wangu umepita miaka 40. Nimetembea vijiji vingi vya Mkoa wa Singida, kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Nimefika Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni. Katika mikutano ya wakulima nimezoea kuuliza: "Nani hapa anaumwa mgongo au kiuno?" Mikono huinuka mingi. Wazee huinua, akina mama huinua, na vijana nao huinua. Kisha nauliza tena: "Nani amekwenda zahanati kwa sababu ya mgongo huo?" Mikono hushuka.

Watu husema, "Mgongo ni kazi tu, bwana shamba. Utapona wenyewe." Mara nyingi ni kweli. Lakini si mara zote. Mimi mwenyewe nilisema hivyo siku moja, na maneno yangu yalimgharimu mtu wa damu yangu. Nitakueleza kisa hicho. Kwanza tujifunze.

UTI WA MGONGO UKOJE?

Chukua bua la mtama. Litazame. Utaona pingili, moja juu ya nyingine. Uti wa mgongo nao umejengwa kwa pingili, lakini za mfupa. Binadamu huzaliwa na pingili 33. Shingoni ziko 7. Nyuma ya kifua, pale zinaposhika mbavu, ziko 12. Kiunoni ziko 5. Chini ya hapo ziko 5 nyingine, ambazo huungana na kuwa mfupa mmoja mtu anapokua. Mwishoni kabisa ziko 4 ndogo, nazo huungana. Huo ndio mkia wetu uliofichika.

Katikati ya pingili na pingili kuna kitu laini kama mto mdogo. Ni gegedu. Kazi yake ni kuzuia mfupa usisage mfupa mwenzake, na kupunguza kishindo tunapotembea au kuruka.

Ndani ya pingili kuna njia, kama tundu la bomba. Humo unapita ugwe wa fahamu unaotoka kwenye ubongo. Kutoka kwenye ugwe huo hutoka mishipa ya fahamu inayokwenda mikononi, miguuni na sehemu nyingine za mwili. Mishipa hii ndiyo inayoleta habari: hapa pana moto, hapa pana mwiba. Ndiyo pia inayopeleka amri: inua mguu, shika jembe.

Nje ya mifupa kuna misuli na kano. Hizi ni kama kamba zinazoshika nguzo isimame. Kamba zikiwa imara, nguzo inatulia. Kamba zikilegea au zikikazwa upande mmoja, nguzo inalalamika.

KWA NINI MGONGO UNAUMA?

Fanya jaribio hili sasa. Chukua jembe. Lishike karibu na chuma chake, uliinue. Ni jepesi, sivyo? Sasa lishike mwisho wa mpini, unyooshe mkono mbele, uliinue tena. Jembe ni lilelile, lakini sasa linaelemea.

Mgongo wako unapata taabu hiyohiyo. Mzigo ukiwa karibu na tumbo lako, mgongo unabeba uzito wa mzigo. Mzigo ukiwa mbali na mwili, nawe umeinama, kiuno kinabeba uzito huo mara nyingi zaidi. Hata bila mzigo, ukiinama unaning'iniza kichwa, mabega na mikono yako yote. Misuli ya kiuno ndiyo inayoshikilia.

Sasa hesabu kazi za siku moja. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Gunia la mahindi lina kilo 100 au karibu na hapo. Palizi ya karanga ni kuinama asubuhi hadi adhuhuri. Mama anapalilia huku mtoto yuko mgongoni. Jioni anatwanga, kisha anachota maji. Mgongo haukupumzika hata kidogo.

Kwa kawaida maumivu hutokana na misuli iliyochoka au kano zilizovutika. Wakati mwingine gegedu hujitokeza nje kidogo na kubana mshipa wa fahamu. Hapo maumivu hushuka kwenye tako na kwenda mguuni mpaka kwenye unyayo, kama moto au kama ganzi.

Si Singida peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Hakuna ugonjwa mwingine unaowazuia watu wengi zaidi kufanya kazi zao.

TIBA YA MIKONO

Tangu zamani watu wametibu mgongo kwa mikono. Katika vijiji vyetu wako wazee wanaojua kukanda na kuchua. Huchemsha maji, huloweka kitambaa, hukanda, hupaka mafuta. Wapo pia wanaovuta viungo na kuunga mifupa. Na wapo watu wanaolala kifudifudi, wakamwambia mtoto apande mgongoni na kukanyaga.

Katika nchi nyingine tiba ya mikono imekuwa kazi ya kusomea chuoni. Moja ya tiba hizo huitwa kairopraktiki. Jina hili linatokana na maneno mawili ya Kigiriki. Maana yake ni "kazi inayofanywa kwa mkono".

Aliyeianzisha ni Daniel David Palmer. Alizaliwa Kanada mwaka 1845, akahamia Marekani. Aliwahi kuwa mwalimu, mfugaji wa nyuki na mwenye duka. Mwaka 1895, katika mji wa Davenport, alimkuta mfanyakazi wa usafi aitwaye Harvey Lillard. Lillard alikuwa hasikii vizuri. Palmer aliona uvimbe kwenye mgongo wake, akausukuma kwa mikono. Palmer alieleza kuwa baada ya hapo Lillard alisikia.

Palmer akafurahi mno. Akasema kwamba karibu magonjwa yote ya binadamu yanatokana na pingili zilizohama mahali pake. Mwaka 1897 akafungua chuo. Mwaka 1906 akatiwa jela kwa sababu alitibu watu bila leseni. Hata hivyo tiba yake ilienea. Leo inafundishwa katika vyuo vya nchi kadhaa. Hapa Afrika inafundishwa Afrika Kusini, katika miji ya Durban na Johannesburg.

Ndugu msomaji, tupime maneno ya Palmer kama tunavyopima mbegu mpya. Mbegu mpya hatuikatai na wala hatuimwagi shamba zima. Tunaipanda tuta moja, tunaangalia.

Wataalamu wamechunguza tiba hii kwa miaka mingi. Wameona mambo mawili.

Jambo la kwanza. Si kweli kwamba magonjwa yote yanatoka kwenye pingili. Malaria inaletwa na vijidudu vinavyoenezwa na mbu. Kipindupindu kinaletwa na vijidudu vilivyo kwenye maji machafu. Hata mshipa wa fahamu wa kusikia haupiti mgongoni. Uko ndani ya fuvu la kichwa. Kwa hiyo mtu akikuambia atatibu kisukari, pumu au shinikizo la damu kwa kukunyoosha mgongo, usimpe fedha yako.

Jambo la pili. Kwa maumivu ya kiuno ya kawaida, tiba ya mikono inaweza kusaidia. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya kiuno yanayodumu zaidi ya miezi 3. Mwongozo huo unakubali mazoezi ya viungo, elimu kwa mgonjwa, kuchua misuli, na kusukuma viungo vya mgongo kwa mikono ya mtu aliyefunzwa. Haukubali kumvuta mgonjwa kwa kamba au mashine. Haukubali mikanda ya kufunga kiuno. Haukubali pia vidonge vikali vya jamii ya afyuni.

TABIBU HUYO HUFANYA NINI?

Aliyefunzwa vizuri haanzi kwa kusukuma. Anaanza kwa kuuliza. Maumivu yalianza lini? Yako wapi? Yanashuka mguuni? Usiku unalala? Umekonda? Una homa? Ulianguka? Kisha anakutazama ukisimama, ukiinama, ukigeuka. Anapima nguvu za miguu yako. Anagusa pingili moja baada ya nyingine.

Akiona dalili ya ugonjwa mkubwa, haugusi mgongo huo. Anakupeleka kwa daktari. Akiona ni maumivu ya kawaida, anakulaza kitandani, anashika mahali panapostahili, na anasukuma kwa haraka lakini kwa kipimo. Mara nyingine utasikia mlio, "ko!" Watu wengi hudhani mlio huo ni mfupa uliorudi mahali pake. Sivyo. Katika viungo kuna majimaji, na katika majimaji hayo mna hewa. Kiungo kikitanuka ghafla, hewa inatoa mlio, kama unapovuta vidole vyako. Unaweza kupata nafuu bila mlio wowote.

Baada ya hapo anakufundisha mazoezi na namna ya kubeba mizigo. Hiyo ndiyo sehemu unayokwenda nayo nyumbani, nayo ndiyo inayodumu.

Tiba hii ina hatari zake pia. Kwa kawaida mtu huumwa kidogo kwa siku moja au mbili. Lakini shingo ikizungushwa kwa nguvu, mshipa wa damu unaokwenda kwenye ubongo unaweza kuchanika, na mtu akapooza. Ni mara chache sana, lakini imetokea. Kwa hiyo usimruhusu mtu yeyote akupindue shingo ghafla, awe kinyozi au rafiki yako.

Wataalamu wa kairopraktiki ni wachache sana hapa nchini, nao wako mijini. Mkulima wa Singida asihangaike kuwatafuta. Tunao ndugu zao wa karibu. Hao ni wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Wako katika hospitali kubwa, na wengine walisomea KCMC, Moshi. Nao huchua, husukuma viungo na hufundisha mazoezi. Ukifika hospitali ya mkoa, uliza juu yao.

Kuhusu waganga wetu wa jadi, iko Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Sheria hiyo inataka waganga hao waandikishwe na Baraza lao. Muulize mganga, "Je, umeandikishwa?" Kuuliza si dharau. Hata mbegu tunauliza imethibitishwa na nani.

KISA CHA DADA YANGU

Sasa nitakueleza kisa nilichoahidi.

Dada yangu mkubwa ni mkulima, Wilaya ya Ikungi. Ndiye aliyenilea. Mwaka mmoja, baada ya kupura mtama, alianza kuumwa mgongo, katikati, chini kidogo ya mabega. Nilipokwenda kumwamkia alinieleza. Mimi nilikuwa na haraka, pikipiki inanguruma nje. Nikamwambia, "Dada, hiyo ni kazi ya kupura. Mwambie mjukuu akupande mgongoni akukanyage. Utapona."

Dada alinitii, maana mimi ndiye msomi wa familia. Kila jioni mjukuu alipanda na kukanyaga kwa visigino. Dada alipata nafuu saa moja, kisha maumivu yalirudi. Baadaye akaenda kwa mkandaji. Mkandaji akamvuta mabega, na mwenzake akamvuta miguu. Dada alilia kwa uchungu, lakini alivumilia. Aliamini kuwa dawa chungu ndiyo inayoponya.

Miezi 5 ilipita. Khanga ilianza kumpwaya. Usiku alilowa jasho. Katikati ya mgongo pakaota kinundu. Kisha miguu ikawa mizito, akawa anajikwaa hata pasipo na jiwe.

Siku moja mhudumu wa afya wa kijiji alipita kuangalia watoto wachanga. Akamwona dada ameegemea ukuta. Akamwuliza maswali matatu tu. "Mama, umekonda? Usiku unatoka jasho? Maumivu yanakuamsha hata ukiwa umepumzika?" Dada akajibu, "Ndiyo, ndiyo, ndiyo." Mhudumu hakumgusa mgongo. Alimwandikia barua ya kwenda hospitali siku ileile.

Hospitali wakampiga picha ya mgongo na kupima. Ilikuwa kifua kikuu. Nilishangaa. Nilidhani kifua kikuu ni ugonjwa wa mapafu na kikohozi tu. Daktari akanieleza kwamba vijidudu vya kifua kikuu husafiri kwenye damu, na vinaweza kukaa kwenye pingili na kuzila polepole. Pingili zikilika, mgongo unapinda, ugwe wa fahamu unabanwa, na mtu anaweza kupooza miguu. Pingili iliyoliwa ni kama nguzo iliyoliwa na mchwa. Nasi kila jioni tulikuwa tunapandisha mtoto juu yake.

Dada alimeza dawa kila siku bila kuacha, muda wote alioambiwa na daktari. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Amepona ugonjwa. Lakini mgongo wake umepinda, anatembea kwa fimbo, na jembe hashiki tena. Angewahi miezi mitano kabla, huenda leo angekuwa analima.

Ndugu msomaji, nikiona suke la mtama limegeuka unga mweusi, simwambii mkulima kwamba ni jua tu. Nachuma suke, naliangalia, nauliza mbegu ilitoka wapi. Lakini kwa mgongo wa dada yangu sikuuliza swali hata moja. Nilimpa ushauri ambao nisingempa mkulima juu ya bua moja la mtama. Dada hajanilaumu. Ndiyo maana naandika makala hii.

DALILI ZA HATARI

Zisome taratibu. Msomee na jirani asiyejua kusoma. Ukiona hata moja kati ya hizi, usikandwe, usivutwe, usikanyagwe. Nenda kituo cha afya.

1. Maumivu ya mgongo pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda.
2. Maumivu yasiyopungua hata ukilala, na yanayokuamsha usiku.
3. Kinundu au kupinda kwenye mgongo ambako hakukuwapo zamani.
4. Miguu kulegea, kufa ganzi, au kujikwaajikwaa.
5. Kushindwa kuzuia mkojo au choo, au kushindwa kukojoa, au ganzi katikati ya mapaja. Hii ni ya kukimbia hospitali saa ileile.
6. Maumivu baada ya kuanguka mtini, kwenye mkokoteni au kwenye pikipiki. Mtu huyu asikalishwe wala asivutwe. Alazwe juu ya ubao, mgongo umenyooka, apelekwe hospitali.
7. Mtoto mdogo anayelalamika mgongo. Mtoto habebi magunia, kwa hiyo iko sababu nyingine.
8. Mgongo kuuma pamoja na mkojo kuchoma. Huenda ni figo.

Wafugaji, nanyi sikilizeni. Uko ugonjwa wa ng'ombe na mbuzi unaowafanya watupe mimba. Ugonjwa huo humwingia binadamu kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kushika kondo la nyuma la mnyama bila kinga. Huleta homa inayokuja na kuondoka, uchovu, na maumivu makali ya mgongo na viungo. Chemsha maziwa. Ukienda kupima homa, mweleze tabibu kwamba unafuga.

UKIUMWA MGONGO WA KAWAIDA

Kama huna dalili hata moja ya hizo, usiogope. Mgongo wa kawaida hupata nafuu ndani ya wiki chache. Fanya hivi:

Usilale kitandani siku nyingi. Zamani watu waliambiwa walale wiki nzima. Leo tunajua kuwa kulala sana hudhoofisha misuli. Tembea kidogo kidogo. Fanya kazi nyepesi.

Kanda kwa kitambaa cha maji ya moto, lakini yasiunguze. Kuchua taratibu kwa mafuta kunafaa. Ukitaka dawa ya maumivu, pata ushauri wa tabibu. Usinunue vidonge kwa mchuuzi.

Fanya mazoezi haya asubuhi na jioni. Lala chali juu ya mkeka. Kunja goti moja, livute kifuani kwa mikono, hesabu hadi 10, achia. Fanya na la pili. Kisha kunja magoti yote mawili, nyayo zikiwa chini, inua kiuno juu, hesabu hadi 5, shusha. Rudia mara 10. Zoezi likiongeza maumivu sana, liache.

Usipopata nafuu baada ya wiki chache, nenda kituo cha afya hata kama huna dalili ya hatari.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Tazama mpini wa jembe lako. Mpini mfupi unamlazimisha mkulima kuinama siku nzima. Katika jimbo la Kalifonia, Marekani, wafanyakazi wa mashamba ya mboga walilazimishwa kutumia jembe lenye mpini mfupi sana. Migongo yao iliharibika wangali vijana. Walipeleka malalamiko. Madaktari walitoa ushahidi. Mwaka 1975 jembe hilo fupi lilipigwa marufuku. Mboga ziliendelea kuota. Sasa wewe, ndugu yangu, huna msimamizi anayekulazimisha. Kwa palizi, kata mpini mrefu. Ukisimama wima, ufike karibu na kifua chako.

Ukimaliza tuta moja, simama. Weka mikono kiunoni, jinyooshe nyuma mara 5. Kisha endelea. Huo si uvivu. Hata maksai tunawapumzisha mwisho wa mfereji.

Ukiinua mzigo, usogelee. Panua miguu. Kunja magoti, usikunje kiuno. Ukumbatie mzigo karibu na tumbo. Inuka kwa nguvu za mapaja. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usipinde mgongo.

Gunia libebwe na watu wawili au zaidi. Lumbesa tuikatae kabisa. Sheria ya vipimo haiiruhusu. Lumbesa inamwibia mkulima mara mbili: kwanza inachukua alizeti yake, halafu inachukua kiuno cha anayeibeba.

Wenye ng'ombe, limeni kwa plau. Wenye punda, punda abebe maji, lakini naye asizidishiwe mzigo. Kijiji kisicho na punda kinaweza kuchanga na kununua toroli la pamoja. Na sisi wanaume, tuseme kweli. Ndoo ya maji haimtambui mwanamke. Mwanamume naye ana kichwa cha kubebea.

Wewe mzee wangu unayekanda watu kijijini, sikuandikii kukuvunjia heshima. Mikono yako imewasaidia wengi. Nakuomba jambo moja tu. Kabla ya kumgusa mgonjwa, muulize yale maswali matatu ya mhudumu wa afya. Akijibu ndiyo hata kwa moja, mpeleke zahanati. Utakuwa umemtibu.

ZUNGUMZENI PAMOJA

Baada ya kusoma, kaeni kikundi mjibu maswali haya:

1. Ni kazi gani hapa kijijini zinazoumiza mgongo zaidi? Nani huzifanya?
2. Taja dalili nne za hatari za mgongo.
3. Mipini ya majembe yetu ina urefu gani? Tuibadilishe lini?
4. Nani katika kijiji chetu anaumwa mgongo muda mrefu na hajaenda zahanati? Nani atakwenda kumwona kesho?

Swali la nne ndilo kubwa kuliko yote. Msilijibu kwa maneno tu. Ondokeni hapo mlipokaa, mwende mkabishe hodi.